Kondo Lililolala Mlangoni

Nimekabidhi funguo za chumba cha picha cha hospitali, na vijana niliowaachia wameniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yao. Sitaandika lini nilipandishwa cheo wala nililipwa nini. Mambo hayo yamo kwenye jalada langu, na hata huko hayamsisimui mtu. Nitaandika namna tulivyojifunza kuona ndani ya tumbo la mama mjamzito, hapa Babati, katika miaka ambayo hata sabuni ya kunawa mikono kabla ya kumgusa huyo mama ilikuwa kitu cha kutafutwa.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, upande wa njia ya kwenda Bonga. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine ya eksirei iliyonizidi umri, aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, yenye ufa, na chumba cha giza ambacho hakikuwa na giza, kwa sababu bati lake lilikuwa na matundu ya misumari. Kazi yangu ya kwanza katika fani hii ya kisayansi ilikuwa kupanda juu ya paa na kuziba matundu kwa lami. Filamu zilikuwa haba. Kifua cha mtu mzima kilipewa filamu nzima, mkono uliovunjika ulipewa nusu, kidole kilipewa robo. Nilizikata kwa mkasi gizani, kwa kupapasa. Kijana mwenye haraka angejikata kidole chake, kisha angehitaji robo nyingine.

Sikuwa na shule kubwa. Nilifundishwa kazi kwa muda mfupi, na yaliyobaki niliyatafuta kwenye vitabu nikiwa na kamusi pembeni. Nilikuwa na utaratibu mmoja ambao bado nawapendekezea: soma ukurasa, funga kitabu, kisha ueleze ukurasa huo kwa Kiswahili, kwa sauti. Usipoweza kuueleza hujauelewa, hata kama umeukariri wote. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje ya chumba changu walizoea kunisikia nikijielezea mapafu peke yangu. Nadhani wengine walinihurumia.

Aliyenifundisha zaidi ya vitabu alikuwa Sista Yustina, mkunga mkuu wetu, mtu wa Mbulu, mrefu, aliyevaa viatu vya kiume kwa kuwa vya kike havikupatikana dukani. Mashine ya ultrasaundi ilipofika, miaka ya themanini ikielekea mwisho, yeye ndiye aliyeamua itatumikaje. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, imefungwa mablanketi, pamoja na daktari mgeni aliyekaa kwa muda mfupi, akatuonyesha vitufe, akaugua malaria, akaondoka. Tulibaki na mashine, kitabu chake, na mablanketi. Mablanketi ndiyo yaliyopata kazi mara moja.

Kabla ya kunipa ruhusa ya kumgusa mama yeyote kwa mashine ile, Sista alinisimamisha kando ya kitanda cha mjamzito, akaweka mikono yangu tumboni mwa yule mama, akaniambia nifumbe macho.

"Umeona nini?"

"Sijawasha, Sista."

"Sikuuliza mashine. Nimekuuliza wewe."

Nilipapasa. Nilisema kichwa kiko juu. Yule mama akacheka kwa upole, akasema, "Hayo ni makalio, mwanangu. Kichwa nakisikia mimi huku chini." Nilifanya hivyo kwa wanawake wengi kabla ya kubonyeza kitufe hata kimoja, na hadi nilipostaafu nilianza kwa mkono. Mashine inakuonyesha kipande unachokiangalia. Mkono unakwambia uangalie wapi.

Shida iliyofuata ilikuwa neno. Kwa watu wetu, picha ilikuwa eksirei, na wajawazito walikuwa wamefundishwa, kwa haki kabisa, kwamba picha si nzuri kwa mtoto aliye tumboni. Mafundisho hayo yalikuwa yameingia vizuri mno. Tulipomwita mama aje kwenye chumba cha picha, alifunga kanga yake akaenda nyumbani. Sista alinitaka nimweleze mashine inafanyaje kazi. Nikamwambia haitoi mionzi. Inatuma sauti ndogo isiyosikika kwa sikio, kisha inapokea mwangwi wake, kama mtu anayeita bondeni na kusikia ng'ambo ikimjibu. "Basi haipigi picha," alisema Sista. "Inasikiliza." Kuanzia siku hiyo mama hakuja kupigwa picha kwetu, alikuja kusikilizwa, na hakukimbia. Jina langu tu ndilo halikubadilika: niliendelea kuitwa Bwana Picha.

Kumbukeni pia kwamba bara hakukuwa na televisheni. Kwa watu wengi wa Nakwa na Maisaka, kile kioo kidogo cha kijivu kilikuwa cha kwanza kuwaka mbele ya macho yao. Walitegemea kuona uso wa mtoto, wakaona kitu kama mvua inayonyesha gizani. Mzee mmoja aliyeleta mkewe alikitazama kwa heshima kwa muda, kisha akaniuliza kama redio yetu imeharibika.

Nami sikuona zaidi yao mwanzoni. Nilijifunza kwa figo ya mbuzi. Niliinunua kwa muuza nyama, nikaizamisha kwenye bakuli la maji, nikaiangalia kwa mashine kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka pembeni, nikichora nilichokiona, kisha nikaipasua kwa kisu na kulinganisha. Niliendelea na yai, moyo wa kuku, na hatimaye kibofu changu mwenyewe. Figo hazikutupwa. Miaka ile hakuna kilichotupwa.

Jeli ya kupaka tumboni iliisha mapema, na nyingine haikuja. Bila kitu cha majimaji kati ya ngozi na mashine, hewa inazuia sauti na kioo kinabaki cheusi. Mafuta ya kula yalikuwa adimu kuliko jeli. Nilijaribu vitu kadhaa, nikaishia kwenye uji: unga mweupe uliochekechwa kwa kitambaa, ukapikwa mwepesi, ukakorogwa polepole usifanye mapovu, maana kila povu huweka kivuli kwenye kioo, ukaachwa upoe. Ulifanya kazi vizuri. Lakini hakukuwa na namna ya kuuficha ulivyo.

"Sista, mnanipaka uji?" aliuliza mama mmoja.

"Ni uji."

"Nyumbani watoto hawajanywa."

"Huu hauna sukari, mama."

"Kwani wa nyumbani unayo?"

Jambo la mwisho la kueleza kabla sijafika kwenye kisa chenyewe ni kibofu. Ili kuona sehemu ya chini ya mji wa mimba, kibofu kiwe na mkojo, kwa sababu sauti hupita vizuri kwenye maji. Lakini kikijaa kupita kiasi, kinabana sehemu ile ya chini, na kitu kilichokaa mahali pake kinaonekana kama kimeshuka. Kwa hiyo unaangalia kikiwa kimejaa, unamruhusu mama akapunguze, unaangalia tena. Mara mbili. Mashine za siku hizi zina njia nyingine, lakini kanuni ni ileile: usiamini ulichokiona mara moja.

Mama Safari aliletwa asubuhi moja ya msimu wa palizi kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Maisaka. Mimba ilikuwa na miezi saba hivi. Alikuwa ametoka damu, nyingi, bila maumivu yoyote. Aliyemleta ni mama wa mumewe, Mama Gwandu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mbali, aliyejifunza Kiswahili ukubwani, sokoni na kanisani.

Mtoto wa kwanza wa Mama Safari alikuwa mzima na ameanza kukimbiza ndama. Baada yake mimba mbili zilifuata, na zote mbili mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Katika familia zilizoshika desturi za wazee, mama aliyepatwa na jambo hilo alikaa kwake kwa muda mrefu. Hakuingia nyumba za watu, wala watu hawakuingia kwake. Muda ulipokwisha, mara ya pili, aliruhusiwa kutoka, lakini hakutoka sana. Alimwambia Sista sababu bila kuulizwa, wakati akibadilishwa nguo.

"Wanasema mimi napokea, ila situnzi. Wanasema tumbo langu si mahali pa mtoto kukaa."

"Nani anasema?"

"Wasiosema ni wachache, Sista."

Sista aliitangazia wodi nzima kwamba mtu yeyote asithubutu kumpima Mama Safari kwa ndani kwa kidole. Andikeni hilo mahali mtakapoliona: damu isiyo na maumivu katika miezi ya mwisho, mkono usiingie. Alimleta kwangu kwa machela. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu sana kuliko kilivyopaswa, nikakisikia kwa mkono hata kabla ya kuwasha. Kwenye kioo moyo wa mtoto ulipiga vizuri. Kondo la nyuma lilikuwa limeshikamana na ukuta wa nyuma wa mji wa mimba, likashuka, likapinda, na kuufunika mlango wa kizazi wote. Nilimruhusu apunguze mkojo, nikaangalia tena. Lilikuwa palepale.

Daktari Lema, daktari wetu pekee, aliangalia pamoja nami. Akaenda kuwaeleza kwa maneno tuliyoyatumia sote siku zile. "Kondo la nyuma liko mbele," alisema. "Mama atabaki hapa hadi mtoto akomae, kisha tutamtoa kwa upasuaji." Halafu akaitwa kwenda kwa mtu aliyeumwa na nyoka.

Damu ilikoma baada ya siku chache. Mama Safari alipata nguvu, akakaa kitandani akitazama mawingu, naye ana mahindi yanayosongwa na magugu. Siku moja, wodi ikiwa inakula mchana, yeye na mkwewe waliondoka.

Sista alinifuata chumbani. "Chukua baiskeli." Baiskeli yangu ilikuwa na tairi la nyuma nililolijaza majani kwa kukosa tyubu, kwa hiyo ilibeba mkoba wa Sista tu; sisi tulitembea, nikiisukuma. Njiani Sista alisema jambo moja tu: "Akitokwa na damu tena huko, mkokoteni hautawahi."

Tuliwakuta uani, Mama Safari amenyoosha miguu akipukuchua maharage, mkwewe akiwa na jembe.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Mmekuja kusalimia au kumfuata mtu?"

"Kusalimia kwanza," alisema Sista.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Bwana Picha. Haya, mmeshasalimia. Mfuateni." Akaketi kwenye kigoda kama mtu anayesubiri mchezo uanze. "Ila mniambie kwanza. Daktari alisema kondo liko mbele. Mimi nimezaa watoto wa kutosha, wote niliwabeba mbele. Kuna mahali wanawake wanabebea mgongoni?"

"Si mbele ya tumbo, mama," nilisema. "Mbele ya mtoto. Limemtangulia."

"Likimtangulia si vizuri? Anayefuata anakuta njia."

Nilitazama nilichokuwa nacho kichwani, nikakuta kurasa nyingi na hakuna hata moja ya kunisaidia pale uani. Neno letu lilikuwa bovu. La nyuma ni kwa sababu hutoka baada ya mtoto. Mbele ni kwa sababu limetangulia. Na mtu asiyejua hayo mawili anasikia tu kwamba kitu kiko mbele, kama pua. Nikaliacha.

"Kuna mlango," nilisema. "Mji wa mimba una mlango wake, huku chini. Mtoto hutokea hapo. Kondo limeuziba."

"Mlango." Mama Gwandu aligeuka, akaitazama nyumba yake, ya udongo, ndefu, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. "Limelala mlangoni? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

"Na mtoto yuko ndani."

"Yuko ndani."

"Akitaka kutoka atamkanyaga."

"Ndiyo, mama."

"Na ng'ombe huyo ndiye anayempa maziwa huko ndani."

"Ndiye huyo huyo."

Alisimama kutoka kwenye kigoda. Kisha akaanza kufoka, lakini si kwa mkwewe. "Sasa si mngesema! Mbele, mbele! Nani anaelewa mbele?" Akamgeukia Mama Safari, akasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, nikaona mikono ya yule binti inaacha maharage.

Mama Safari ndiye aliyeniuliza swali gumu zaidi. "Una hakika? Uliona siku moja tu."

"Nina hakika ya siku ile," nilimjibu. "Ya leo sina. Mji wa mimba ukikua, kondo huweza kuvutwa likapanda. Tutaangalia tena. Likipanda, utazaa mwenyewe na kurudi kwa miguu."

"Na lisipopanda?"

"Daktari atamtoa kwa kupasua."

"Na nitapona?"

Sista alijibu kabla yangu. "Hatujui, mwanangu. Lakini ukibaki hapa tunajua."

Mama Safari alikusanya maharage kwenye ungo, akayafunika, akasimama. Jioni ileile Gwandu, mumewe, alimrudisha hospitali kwa mkokoteni. Alisimama nje ya wodi akizungusha kofia mikononi, akimwambia mama yake kwamba palizi haijafika hata nusu.

"Nitapalilia mimi," alisema Mama Gwandu. "Wewe tafuta damu."

Hatukuwa na benki ya damu. Damu ilikuwa ndani ya ndugu, na ilibidi kuitoa huko kwa maneno. Gwandu alileta kaka zake, watu wenye vifua vipana, na mmoja alipoona sindano alitaka kujua kama kinachochukuliwa hurudi. Sista alimwambia hurudi chenyewe akila mboga za majani. "Basi mke wangu ndiye atakayekufa," alisema, "kwa kuzichuma." Damu ya Gwandu ilifaa, na ya kaka mmoja. Tuliwaambia wasiende mbali.

Kilichokwenda mbali ni dizeli. Jenereta ilikaa kimya muda mrefu, na mashine yangu ikakaa kimya nayo. Kila asubuhi nilipita wodini na fetoskopu, ile pembe ya mbao, nikausikia moyo wa mtoto kwa sikio, kama Sista alivyofanya maisha yake yote. Kondo halisikiki kwa pembe. Mama Safari aliniuliza kila siku kwa macho tu, nami nilitikisa kichwa. Mwishowe Gwandu alikwenda kwenye shamba moja kubwa, akamlimia dereva wa trekta kiwanja chake cha mahindi, akarudi na dumu la dizeli begani. Mzee wa ghala alitaka kulipokea kwa matumizi ya hospitali kwa jumla. Mama Gwandu aliketi juu ya dumu.

Tulimsikiliza tena Mama Safari. Kibofu kikiwa kimejaa, kondo lilifunika mlango. Nikamwomba akapunguze nusu.

"Nusu inapimwaje?"

"Anza, kisha ubane."

"Bwana Picha, wewe umewahi kubana ukiwa na mtu anakukanyaga kwa ndani?"

Sikuwa nimewahi. Alirudi, nikapaka uji, nikaangalia polepole kutoka kila upande. Halikupanda. Nilimwambia palepale, kwa neno la mkwewe: bado limelala mlangoni. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimwonyeshe moyo. Nikamwonyesha ile nukta inayopepesa. Aliihesabu kwa midomo, akaacha, akaendelea kutazama tu.

Daktari Lema alipanga kumpasua juma lililofuata. Damu haikusubiri. Ilianza asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na safari hii haikuwa ya kukoma. Sista alimshika mkono akitembea pembeni ya machela, wakapita mbele ya chumba changu. Daktari alinawa huku akiniuliza mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

"Kondo liko ukuta gani?"

"Wa nyuma, Daktari. Linapinda chini. Ukuta wa mbele uko wazi."

"Wazi kabisa?"

"Nimeuangalia mara mbili, siku mbili tofauti. Uko wazi."

"Nitapitia mbele, basi," alisema, akaingia. Ukikata palipo na kondo, unakata chakula cha mtoto na damu ya mama kwa pamoja. Kama ningekuwa nimekosea, wao wawili ndio wangelipa, si mimi.

Kazi yangu iliyobaki ilikuwa jenereta. Niliiwasha, nikamimina dizeli yote iliyobaki ndani ya dumu, nikakaa pale kibandani. Mama Gwandu alikuja akasimama karibu nami. Kelele zilikuwa kubwa, kwa hiyo alinisemea sikioni.

"Ikinguruma yuko?"

"Ikinguruma wanafanya kazi, mama."

"Na dizeli?"

Nilichovya kijiti, nikamwonyesha palipolowa. Ilikuwa kidogo. Aliondoa kanga ya mabegani akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Jenereta ilikohoa, ikajikaza, ikakohoa tena, ikazima. Nilikuwa nimeinama kuangalia kama ni hewa kwenye bomba, na nilijua si hewa. Ndipo tulipomsikia. Alikuwa analia, kwa sauti nyembamba ya hasira, na inawezekana alikuwa analia kwa muda. Zile kelele ndizo zilizotufichia sauti yake. Mama Gwandu alinishika mkono kwa nguvu za mtu wa jembe. Lakini hakutabasamu. "Huyo ni mmoja," alisema.

Dirisha la chumba cha upasuaji likafunguka kwa ndani, na Sista akatoa kichwa. "Ondoeni shuka lililoanikwa hapo, linaziba jua! Daktari anashona." Nililing'oa shuka na kamba yake. Tulikaa chini ya dirisha lile, tukasikia mikasi ikiwekwa kwenye sinia, na Daktari akiomba uzi, na Sista akisema uzi huo ni wa mwisho, na Daktari akisema basi utatosha. Baadaye kidogo tukasikia sauti nzito ya mtu anayeamka kwenye usingizi wa dawa, ikiuliza kitu kwa lugha yao. Mama Gwandu aliijibu kutoka nje, kwa sauti kubwa, akilia.

Alikuwa msichana, mdogo kama paka. Hatukuwa na mashine ya kumtunzia joto. Sista alimfunga kifuani mwa bibi yake, ngozi kwa ngozi, ndani ya moja ya yale mablanketi, na Mama Gwandu akatembea naye wodini siku baada ya siku, akiwakaripia wauguzi wafunge madirisha. Damu ya Gwandu na ya kaka yake ilikuwa imeingia yote kwa Mama Safari. Kidonda chake kilifunga vizuri. Mtoto alijifunza kunyonya.

Siku waliyoruhusiwa, jenereta ilikuwa inafanya kazi kwa ajili ya mgonjwa mwingine, nami nilikuwa nimewasha mashine. Mama Safari aliingia bila kuitwa, akitembea ameinama kidogo kwa sababu ya kidonda.

"Bwana Picha, nisikilize mara moja tena."

"Ndani hakuna mtu sasa, mama."

"Hapo ndipo ninapotaka kuona."

Nilimlaza. Nilipaka uji upande wa juu wa tumbo, mbali na kidonda, nikagusa kwa wepesi. Mji wa mimba ulikuwa umeanza kurudi kwenye ukubwa wake, ukuta wake mnene, na katikati mstari mwembamba mweupe, mahali ambapo kuta mbili zimekutana tena. Nilimgeuzia kioo.

"Ni hapo?"

"Ni hapo."

"Na wale wawili walikaa hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Angalia vizuri. Kuna shimo? Kuna kitu kibaya?"

Nilianza juu, nikashuka taratibu hadi chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia, kama ningemwangalia mtu mwingine yeyote, maana hakuwa ameniomba faraja; alikuwa ameniomba kipimo. Mashine yangu haikuweza kuona kila kitu, na nilimwambia hivyo. Kilichowalaza wale wawili sikukijua na sitakijua. Lakini kwa yote niliyoweza kuyaona, hapakuwa na kasoro.

"Sioni kasoro."

"Sema tena. Mama asikie."

Mama Gwandu alikuwa ameingia nyuma yake, mtoto akiwa kifuani ndani ya blanketi. Aliinamia kioo mpaka pua ikakikaribia.

"Sioni kasoro, mama," nilisema. "Mahali hapa ni pazuri."

Mama Gwandu aliinuka kutoka kwenye kioo. Kisha akanyoosha mkono, akaufuta uji tumboni mwa mkwewe kwa pindo la kanga yake mwenyewe, polepole, wote, na kumsaidia kuinuka.

Kutoka hospitali kwetu hadi Maisaka kuna njia ya mkato inayopita mashambani, ambako hukutani na mtu. Sista alisimama barabarani kuwaaga, na aliporudi alinieleza kwamba Mama Gwandu alimwamuru mwanawe asiingize ng'ombe kwenye njia ile. Walipita katikati ya mji. Baadaye tulisikia kwamba mkokoteni ulifika Maisaka jua likizama, kwa sababu njia nzima Mama Safari alishuka, akapiga hodi, na kuingia na mtoto nyumba baada ya nyumba.